TrmD haiweki methili kwenye tRNA: kagua unachoilisha kabla ya kuisafisha upya

Swali: "Shikamoo mtaalamu. Nasoma shahada ya uzamili hapa Dodoma. Nimetengeneza TrmD (kimeng'enya cha kutia methili kwenye tRNA) ya bakteria E. coli, yenye mkia wa histidini na kuisafisha kwa kolamu ya nikeli. Kwenye jeli naona bendi moja safi karibu na kilodaltoni 30, lakini haifanyi kazi. Nimeijaribu kwa tRNA ya jumla niliyoitoa kwenye E. coli wa kawaida, na kwa tRNA ya leusini (antikodoni CAG) niliyoinakili kutoka DNA, nje ya seli, kwa polimerasi ya T7. Bafa ina Tris pH 8.0, MgCl2 6 mM, na EDTA 5 mM ya kuzuia ribonukleasi zinazokata RNA. AdoMet niliiyeyusha kwenye Tris hiyo hiyo na iko kwenye friji wiki ya tatu sasa. Napima kwa praima (kipande kifupi cha DNA cha kuanzishia unakili) na transkriptasi rejea. Kwa tRNA ya jumla unakili unasimama pale karibu na antikodoni, ila unasimama hata nisipoweka kimeng'enya. Kwa tRNA ya T7 hausimami kabisa. Maji ni ya mtambo wa kukeneka wa idara. Je, nisafishe upya au nibadilishe plazmidi?"

Marahaba. Usisafishe upya, na plazmidi iache kama ilivyo. Ukisoma tena barua yako taratibu utaona kwamba umekwisha kuandika majibu matatu ndani yake, na hakuna hata moja linalokihusu kimeng'enya. Umekipa tRNA ambayo tayari ina methili. Umekinyang'anya magnesiamu. Na mtoaji wa methili, yaani AdoMet, umemweka mahali anapoharibika. TrmD iliyo nzima kabisa ingekupa matokeo hayo hayo uliyonayo.

Nianze na kazi yenyewe, kwa sababu hitilafu zote tatu zinaeleweka kutokana nayo. Kwenye tRNA, ile RNA ndogo inayopeleka asidi amino kwenye ribosomu, antikodoni (herufi tatu zinazosoma mRNA) hukaa nafasi ya 34, 35 na 36. Jirani yake wa upande wa 3' ni nafasi ya 37. TrmD huchukua kundi la methili kutoka kwa S-adenosilimethionini (ndiyo AdoMet) na kulipachika kwenye naitrojeni namba 1 ya guanini iliyo nafasi hiyo ya 37. Kinachopatikana huitwa m1G37. Ndani ya E. coli hufanya hivyo kwa tRNA zote tatu za prolini, kwa tRNA za leusini zenye antikodoni CAG, GAG na UAG, na kwa ile ya arginini yenye CCG. Utaona zote zinaishia na G kwenye nafasi ya 36, na G nyingine inafuata. Jozi hiyo ya G36 na G37 ndiyo alama ambayo kimeng'enya huitafuta. Leusini ya CAA au UAA isingefaa, kwa hiyo hapo kwenye CAG umechagua vizuri.

Naitrojeni namba 1 ndiyo upande ambao guanini hutumia kushikana na sitosini. Ukiiziba kwa methili, G37 haiwezi tena kushikana na herufi ya mRNA, na ribosomu hubaki kwenye hesabu yake ya herufi tatu tatu. Methili isipokuwepo, ribosomu huteleza herufi moja mbele, hasa kwenye mfululizo wa C unaosomwa na tRNA za prolini, na protini yote inayofuata huwa takataka. Glenn Björk na wenzake wa Umeå, Uswidi, walilionyesha jambo hili mwaka 1989. Ndiyo maana bakteria hawezi kuishi bila jeni ya trmD.

Upande huo huo wa guanini ndio ambao transkriptasi rejea huuhitaji inaponakili RNA kuwa DNA. Ikifika kwenye m1G husimama nukliotidi moja kabla yake. Kwa hiyo njia yako ya kupima ni sahihi. Tatizo ni namna ulivyousoma ujumbe wake.

Kile kituo ulichokiona kwenye tRNA ya jumla hata bila kimeng'enya hakikuwa uchafu wa jaribio. Hiyo ndiyo m1G37, na iliwekwa na TrmD ya bakteria mwenyewe wakati angali hai. E. coli wa kawaida huzitia methili tRNA zake karibu zote, kwa hiyo ukizitoa na kuzileta kwenye chupa yako, kimeng'enya hakikuti nafasi iliyo wazi. Ni sawa na kumpa fundi nyumba iliyokwisha kupakwa rangi halafu ukapima rangi ngapi ametumia. tRNA ya hamira inayouzwa nayo haitakusaidia, kwa kuwa hamira ana kimeng'enya chake, Trm5, kinachoiweka methili ile ile mahali pale pale. Wala huwezi kufuta trmD ili upate tRNA isiyo na methili, kwa sababu bakteria atakufa. Walio na zana hutumia aina za bakteria ambazo trmD yake hushindwa kazi joto likipanda, au ambazo uhai wake unashikiliwa na Trm5 inayowashwa na kuzimwa kwa sukari ya arabinosi. Wewe baki na tRNA ya T7, ambayo haikupitia ndani ya bakteria na kwa hiyo haina methili. Ile ya jumla usiitupe, itakufaa kama kielelezo: inakuonyesha mahali halisi ambapo unakili unapaswa kusimama.

Hesabu ya EDTA ni fupi lakini ni kali. EDTA hukamata magnesiamu moja kwa moja, molekuli kwa molekuli, na kwa pH 8 haiachii kirahisi. Ukiweka MgCl2 6 mM na EDTA 5 mM, iliyobaki huru ni kama 1 mM, na sehemu ya hiyo hushikwa na tRNA yenyewe kwa fosfeti zake. TrmD huhitaji magnesiamu mara mbili: tRNA iikunje ipate umbo lake, na kitendo chenyewe cha kuhamisha methili kiende. Hapa ndipo maelekezo ya Trm5 huwapoteza watu wengi, maana Trm5 hufanya kazi ile ile bila kuhitaji magnesiamu kwenye kitendo hicho. Vimeng'enya hivi viwili havina undugu. Trm5 ni protini moja moja yenye mkunjo wa kawaida wa vimeng'enya vya AdoMet. TrmD hufanya kazi ikiwa jozi, na mnyororo wake wa protini umejifunga fundo la kweli. AdoMet hukaa kwenye fundo hilo ikiwa imepinda.

Isitoshe, EDTA uliyoiweka haikulindi dhidi ya adui mkuu. Ribonukleasi A, ile inayotoka mikononi na kwenye vumbi, haitumii metali yoyote, kwa hiyo EDTA haiigusi. Tumia glavu, maji safi na kizuizi cha protini cha ribonukleasi. Kwenye bafa ya jaribio weka EDTA 0.1 mM tu, ya kukamata mabaki ya metali nzito kama nikeli inayodondoka kutoka kwenye kolamu.

Kuhusu AdoMet, kumbuka kwamba molekuli hii ina salfa yenye chaji chanya, na hiyo ndiyo inayoifanya itoe methili kwa urahisi. Uchangamfu huo una gharama. Kwenye pH 8 hujikata yenyewe kuwa methilithioadenosini na laktoni ya homoserini, na sehemu nyingine hugeuka umbo kwenye salfa na kuwa pacha asiyefaa. Kwa nyuzi 37 sehemu kubwa hupotea ndani ya siku moja au mbili. Kwenye friji ni polepole zaidi, lakini wiki tatu ni nyingi mno. Usijaribu kuikagua kwa spektrofotomita peke yake. Kinachomeza mwanga wa 260 nm ni adenini, na adenini ipo kwenye AdoMet nzima na kwenye vipande vyake vilevile, kwa hiyo kipimo kitakuambia "ipo" ilhali imekwisha. Kama mna sahani za silika zenye rangi ya kung'aa kwa 254 nm, tiririsha kwa butanoli, asidi asetiki na maji kwa uwiano wa 12:3:5. AdoMet nzima hubaki chini karibu na mstari wa kuanzia, vipande visivyo na chaji hupanda. Ukiona doa kubwa juu, mwaga.

Nunua iliyokwisha kuyeyushwa kwenye asidi (ya kawaida ni 32 mM ndani ya asidi salfuriki 5 mM na ethanoli 10%), igawe maikrolita 10 kwa kila kijichupa na uihifadhi kwenye nyuzi −20 au −80. Kijichupa kikishayeyuka kitumie siku hiyo, usikirudishe. Unapoipunguza hadi 1 mM, ipunguze kwa asidi salfuriki 5 mM ile ile, usitumie Tris. Asidi itakayoingia kwenye jaribio ni kidogo sana mbele ya Tris 100 mM. Na mzigo ukitoka Dar es Salaam kwa basi, kilomita zipatazo 450 za jua, dai uje na barafu kavu na ufungue sanduku mbele ya aliyeuleta.

Sasa jaribio lenyewe

Kanuni tunayofundishwa ni kubadilisha kitu kimoja kwa wakati. Hapa nakushauri kinyume chake: sahihisha yote matatu kwa pamoja, upate ishara kwanza. Ukisahihisha EDTA peke yake huku AdoMet imeharibika, utaona sifuri tena na utadhani magnesiamu haikuwa kosa. Kutafuta kosa ukiwa kwenye sifuri ni kupapasa gizani. Kutafuta ukiwa na ishara ni rahisi, kwa sababu kila unachokiondoa kinaonyesha kimeshusha kiasi gani.

Tengeneza bafa yenye nguvu mara tano: Tris-HCl 500 mM pH 8.0, kloridi ya amonia 120 mM, MgCl2 30 mM, dithiothreitoli 20 mM, EDTA 0.5 mM na albumini ya ng'ombe 0.12 mg/ml. Dithiothreitoli na albumini viongezwe siku ya jaribio. Pima pH ya Tris kwenye nyuzi 25, maana hushuka kama 0.028 kwa kila nyuzi moja ya joto: bafa ya 8.0 kwenye nyuzi 25 huwa karibu 7.7 kwenye nyuzi 37. Ukiirekebisha ingali baridi kutoka kwenye friji utajikuta mbali zaidi upande wa chini bila kujua.

tRNA ya leusini CAG ina nukliotidi 87, uzito wake ni kama kilodaltoni 28. Mwanga wa 260 nm ukisoma 1.0 ni takribani maikrogramu 40 kwa mililita, yaani 1.4 µM. Andaa akiba ya 20 µM. Kabla ya kutumia, ikunje upya: ipashe kwenye maji matupu au Tris 10 mM yasiyo na magnesiamu, nyuzi 85 hadi 90 kwa dakika mbili, iache ishuke hadi joto la chumba kwa dakika kumi, ndipo uongeze MgCl2 ifike 5 mM na uiweke nyuzi 37 kwa dakika kumi nyingine. Mpangilio huo usiugeuze. Magnesiamu ikiwepo wakati wa joto kali hukatakata RNA. Na ukiitia barafuni ghafla, tRNA nyingi hunaswa kwenye mikunjo isiyo sahihi, hasa leusini, ambaye ana mkono wa ziada mrefu.

Kimeng'enya nacho kihesabu kama jozi. TrmD ya E. coli ina asidi amino 255, na pamoja na mkia wako ni kama kilodaltoni 30. Miligramu 1 kwa mililita ni karibu 33 µM za minyororo, lakini jozi moja hushika tRNA moja kwa wakati, kwa hiyo kilicho tayari kwa kazi ni kama 16 µM. Wanaosahau nusu hii huripoti kasi iliyo nusu ya kweli.

Kwa maikrolita 60: bafa 12, tRNA ya 20 µM 9, AdoMet ya 1 mM 3, kimeng'enya cha 16 µM 2, maji 34. Hapo una tRNA 3 µM, AdoMet 50 µM na jozi za TrmD karibu 0.5 µM. Changanya vyote isipokuwa kimeng'enya, pasha nyuzi 37 kwa dakika tano, chota maikrolita 8 za wakati sifuri, kisha anzisha (kimeng'enya punguza kidogo kulingana na ujazo uliobaki). Chota maikrolita 8 kila mara kwenye dakika 1, 2, 5, 15 na 30, na kila sampuli ingie moja kwa moja kwenye maikrolita 2 za EDTA 100 mM juu ya barafu. Hapa ndipo EDTA inapostahili kuwa nyingi. TrmD si kimeng'enya chepesi, ikizungushwa mara nyingi mfululizo haifiki hata tRNA moja kwa sekunde, kwa hiyo usianze na kiasi kidogo sana ukitarajia miujiza. Kwa kiasi nilichokupa, sehemu kubwa ya kazi inapaswa kuwa imekwisha kufikia dakika ya tano.

Ondoa protini kwa fenoli yenye asidi (pH karibu 4.5), shusha RNA kwa ethanoli mara mbili na nusu ya ujazo, weka glaikojeni kidogo ili uione punje chini ya kijichupa.

Kwenye kunakili, chagua praima ya nukliotidi 18 hadi 20 inayoshika mwisho wa 3', na uiagize ikiwa na rangi ya fluoresini upande wa 5' ili usihitaji mionzi. Ukitaka njia ya tritiamu (hidrojeni yenye mionzi) utalazimika kuwa na kibali cha Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania na mahali pa kutunzia taka zake. Kwa swali lako la sasa haina ulazima. Pasha praima na tRNA pamoja nyuzi 95 kwa dakika mbili bila magnesiamu, acha zishuke polepole, kisha ongeza kimeng'enya cha kunakili na bafa yake, nyuzi 45 hadi 50, dakika 30. Bafa hiyo isiwe na manganizi, kwa sababu manganizi huifanya transkriptasi ivuke m1G na ukapoteza ishara. Endesha kwenye jeli ya akrilamaidi 12% yenye urea 7 M.

Angalia pia namba. "37" ni anwani ya makubaliano, haihesabiwi kwa kidole kutoka mwanzo wa mfuatano. Kitanzi cha D, kimoja kati ya vitanzi vya tRNA, kina urefu tofauti kwa kila tRNA, na kwa leusini hesabu ya kawaida huhama. Tafuta CAG ya antikodoni, chukua G inayofuata, hesabu kutoka nukliotidi iliyo baada yake hadi mwisho wa CCA, herufi tatu za mwisho wa 3'. Kwa tRNA yako unakili uliosimama utakuwa na urefu wa karibu nukliotidi 50, na uliofika mwisho 87. Utaona pia vituo hafifu kwenye mkono wa ziada, kwa kuwa umekunjamana sana. Hivyo vitakuwepo hata kwenye tRNA isiyo na methili, kwa hiyo usivihesabu.

Majaribio ya kulinganisha ni manne, na hakuna la kurukwa: bila kimeng'enya, bila AdoMet, tRNA ya jumla kama alama ya mahali, na tRNA ya T7 ambayo G37 imebadilishwa kuwa A. Hilo la mwisho wengi huliona la anasa. E. coli aliyekutengenezea protini ana vimeng'enya vingine vya kutia methili tRNA: TrmA huiweka kwenye uridini ya 54, TrmB kwenye guanini ya 46, TrmH kwenye sukari ya guanini ya 18. Ukija baadaye kupima kwa njia inayohesabu methili zote kwa jumla, chembe kidogo ya TrmA iliyoponyoka kwenye kolamu itakupa namba nzuri zisizo zako. tRNA isiyo na G37 ndiyo itakayomfichua.

Mambo ya Dodoma

Maji ya visima vya bonde la Makutupora yana chumvi na ugumu. Mtambo wa kukeneka ukishajaa magaga meupe hurusha matone ya maji mabichi hadi kwenye chupa ya maji safi. Pima upitishaji wa umeme: maji ya kazi hii yawe chini ya mikrosimensi 2 kwa sentimita. Yakizidi, safisha mtambo kwa asidi ya sitriki na ukeneke mara mbili. Kwako hili lina uzito wa pekee, kwa sababu siku utakayopima TrmD bila magnesiamu, maji magumu yatakuletea magnesiamu na kalsiamu kimyakimya.

Mji uko mita zipatazo 1,100 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka karibu na nyuzi 96. Kwa kukunja tRNA hiyo haidhuru. Inadhuru kwenye mtungi wa kuua vijidudu kwa mvuke. Geji ikisoma paundi 15, ambazo pwani hutoa nyuzi 121, hapa unapata kama 119. Panda hadi karibu 17 au ongeza muda. Hata hivyo ribonukleasi A hustahimili mvuke. Vyombo vya kioo vioke kwenye oveni kavu, nyuzi 180 au zaidi kwa saa nne. Maji yatie dietilipirokaboneti 0.1%, yaache usiku kucha, kisha uyapitishe kwenye mvuke. Tris usiitie dawa hiyo, kwa sababu huila; itengeneze kwa maji yaliyokwisha kutibiwa.

Hewa kavu nayo hukausha. Maikrolita 60 kwenye kijichupa cha mililita 1.5, nyuzi 37, nusu saa, utakuta matone kwenye kifuniko na chumvi imekolea chini. Tumia mashine ya PCR yenye kifuniko cha moto. Kimeng'enya kihifadhi kwenye gliseroli 50%, NaCl 100 mM, Tris 20 mM pH 7.5 na dithiothreitoli 2 mM kwenye nyuzi −20. Hakigandi humo, kwa hiyo umeme ukikatika saa kadhaa hakipitii kuganda na kuyeyuka.

Ikiwa bado ni sifuri

Hapo sasa ndipo ukigeukie kimeng'enya. Cha kwanza, soma mwanga wa 260 na 280 nm. Protini safi hutoa uwiano wa karibu 0.6. Ukipata 1 au zaidi, TrmD yako imetoka na tRNA za bakteria zilizoishikilia, nazo zina methili tayari na zimekaa kwenye mlango. Bendi moja kwenye jeli ya protini haiwezi kukuonyesha hilo, kwa kuwa rangi ya bluu haipaki RNA. Safisha tena, safari hii ukiosha kolamu kwa NaCl 1 M, mara kumi ya ujazo wa kolamu, kabla ya kutoa kwa imidazoli. Halafu ondoa imidazoli kwa dialisisi.

Cha pili, weka kimeng'enya na tRNA pamoja kwa nusu saa nyuzi 37 bila AdoMet, uendeshe kwenye jeli ya urea. Bendi ikisambaratika, una ribonukleasi ndani ya kimeng'enya chenyewe.

Cha tatu, kipitishe kwenye kolamu ya kutenganisha kwa ukubwa. Kinapaswa kutoka kama kilodaltoni 60, yaani jozi, kwa sababu chumba cha kazi kiko pale minyororo miwili inapokutana. Kikitoka mwanzo kabisa kimejikusanya mabonge, na hicho kweli kimekufa.

Ukishapata ishara, zuia kwa makusudi. Sinefungini huketi mahali pa AdoMet na kusimamisha kazi. AdoHcy, kinachobaki baada ya methili kutolewa, nacho huzuia. Kwa tRNA 3 µM na AdoMet 50 µM hakitakusumbua, ila ukishusha AdoMet hadi maikromola chache mstari wa grafu yako ya kazi dhidi ya muda utapinda mapema, na kupinda huko si kuchoka kwa kimeng'enya.

Kama nia yako ni kwenda kwenye TrmD ya bakteria wa kifua kikuu, na nadhani ndiyo inayowavuta wengi kwenye somo hili kwa kuwa binadamu anatumia Trm5 iliyo tofauti kabisa, usitumie sinefungini kama mfano wa dawa. Hufanana na AdoMet, na AdoMet hutumiwa na vimeng'enya vingi vya mwili wetu. Ifanye kuwa alama ya sifuri kwenye jeli tu. Na tRNA anza na ya prolini. Ile ya E. coli huanza na C, na polimerasi ya T7 huinakili kwa shida sana, kwa hiyo geuza jozi ya kwanza iwe G1 na C72 kwenye kiolezo kabla hujaagiza praima yoyote.